Hotuba ya Mwenyekiti: Kumwachia Mungu, na Funguo Tatu za Sanduku Letu

  

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Miaka kumi si mchezo. Tulipoanza mwaka 2015 wapo waliotucheka, wakasema hawa watagombana kabla ya Pasaka. Pasaka zimepita kumi, na bado tuko pamoja. (Vigelegele.) Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawakumbuka, Mungu awape pumziko la milele.

Habari za hesabu sitazisema mimi. Mweka Hazina atazisoma kila kitu, hadi shilingi ya mwisho. Mimi nimeomba nafasi nizungumze juu ya neno moja tunalolisema kila siku hapa kwetu, nalo ni hili: kumwachia Mungu. Mvua ikichelewa tunasema tumwachie Mungu. Mtoto akifeli mtihani, tumwachie Mungu. Hata mtu akikudai, eti nawe unamwambia amwachie Mungu! (Kicheko.) Basi leo naomba tuliangalie vizuri, maana ninyi wenyewe mmenilazimisha.

Mmenilazimisha vipi? Kwenye mkutano wetu mkuu wa mwaka huu mliniletea maombi mawili. La kwanza, mlitaka tubadilishe katiba ili niendelee kuwa mwenyekiti bila kikomo. Mnajua katiba yetu inasema uongozi ni miaka mitatu mitatu, na mtu hazidishi vipindi vitatu. Mwaka wa kwanza nilikuwa wa muda, kisha mkanichagua mara tatu, na sasa vipindi vimekwisha. La pili, mlitaka sanduku likae nyumbani kwangu na funguo zote niwe nazo mimi, kwa sababu watunza funguo wakati mwingine wanachelewa, na kwa sababu, mlisema, mama tunamwamini. Niliwaambia nitajibu siku ya sherehe. Siku ndiyo hii.

Kabla ya kujibu, naomba tuelewane kumwachia Mungu ni kitu gani. Mimi ni mtu wa darasa la saba, sikusoma teolojia. Nasema niliyoyaona jumuiyani na shambani.

Kwanza, kumwachia Mungu si kulala. Sisi Wafipa tumerithi kilimo cha ntumba. Vijana wengine siku hizi hawakijui, kwa hiyo nieleze. Mvua zikiwa zinaelekea mwisho, udongo bado laini, unakata majani kwa jembe, unayakusanya, unayafukia ndani ya kilima cha udongo cha mviringo. Juu yake unaweza kupanda maharage. Majani yanaoza mle ndani, yanakuwa mbolea. Msimu unaofuata unavisambaza vile vilima, unapanda ulezi au mahindi. Bibi zetu hawakuwa na dukani kwa kwenda kununua mbolea ya mifuko, lakini waliilisha nchi hii yenye udongo uliochoka.

Sasa tazameni. Kulima ntumba ni kazi ngumu, mgongo unauma kweli kweli. Lakini ukishafukia, kuoza si kazi yako. Huwezi kufukua kila asubuhi kuangalia kama majani yameoza. Ukifanya hivyo unaharibu. Kazi yako umemaliza, sehemu iliyobaki ni ya Mungu. Kwa hiyo anayesema namwachia Mungu naye hajashika jembe, huyo hajamwachia Mungu kitu. Amemwachia magugu. Na aliyelima, kisha halali usiku kwa hofu, naye bado hajamwachia.

Pili, kumwachia Mungu si kutekwa. Kuna tofauti kati ya mtu aliyenyang'anywa na mtu aliyetoa. Jambo hili nalijifunza kwa mzee wetu mmoja wa Karema, kule ziwani Tanganyika, ambako leo ni Mkoa wa Katavi. Ninyi wa parokiani mnajua imani ya jimbo letu ilipita Karema. Wabelgiji walijenga boma pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Jimbo letu lenyewe liliitwa Karema kabla halijaitwa Sumbawanga.

Pale Karema alifika mwaka 1889 mtu aliyeitwa Adriano Atiman. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, kwao ni upande wa Timbuktu, nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto aliibwa akauzwa utumwani, akavushwa jangwa. Wamisionari wakamkomboa kwa fedha, wakampeleka kusoma udaktari kisiwani Malta. Alipofika Karema alikuwa daktari na katekista. Akaoa huko huko, akazeeka huko huko, akawatibu watu wa ziwani mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67.

Huyu mtu mara ya kwanza maisha yake yalichukuliwa na wengine kwa kamba. Hakuna aliyemwuliza. Mara ya pili aliyatoa mwenyewe, kwa Mungu na kwa wagonjwa. Ukitazama kwa nje unaweza kusema ni yale yale, kwamba hakukaa kwao, hakufanya aliyoyataka tangu utoto. Lakini si yale yale hata kidogo. La kwanza ni utumwa, la pili ni sadaka.

Nasema hili kwa sababu kuna akina mama wanaoambiwa wamwachie Mungu wakati ukweli ni kwamba wananyang'anywa. Mama amelima, mahindi yameuzwa, hela hajaiona, akiuliza anaambiwa mwanamke mwenye imani hunyamaza. Hapana, akina baba, mnisamehe. Mtu hawezi kumtolea Mungu kitu ambacho hakuruhusiwa kukishika. Wapo akina baba hapa ambao wake zao walikuja kikundini kwa ridhaa yao na kwa kushauriana nyumbani, nao tunawashukuru sana. Wapigieni makofi. (Makofi.)

Tatu, na hili ndilo kubwa, kumwachia Mungu si kumwachia mtu. Mwaka 2023 wote tulisikia redioni habari za Shakahola, kule Kilifi, Kenya. Watu waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wamwone Yesu. Yakafukuliwa maiti zaidi ya 400, na watoto wamo. Kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu nchini Uganda, waumini wa kundi moja waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada, mamia ya watu, na baadaye zikapatikana maiti nyingine zilizofukiwa.

Wale hawakuwa watu wabaya. Wengi walikuwa watu kama sisi, wanaosali, wanaofunga, waliochoka na maisha wakataka kumpa Mungu kila kitu. Lakini walipofungua mkono, aliyepokea hakuwa Mungu. Alikuwa mtu aliyesimama mlangoni akasema leteni hapa, mimi nitawafikishia. Tena hakukuwa na mwingine wa kumwuliza, wala wa kuhesabu, wala wa kusema baba, hapo umekosea. Mtu mmoja alikuwa na funguo zote.

Ndiyo maana nasema mimi nilipata bahati kujifunzia neno hili jumuiyani. Mnafahamu kwamba mwaka 1973, na tena mwaka 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki wa AMECEA walikutana Nairobi wakaamua kwamba Kanisa huku kwetu lijengwe kwa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mama zetu wa WAWATA wao walikuwa wameshaanza umoja wao mwaka 1972. Leo tunaona kama ni kawaida, lakini lilikuwa jambo kubwa. Maana yake ni kwamba Kanisa si jengo tu la Jumapili. Ni nyumba kumi au ishirini za majirani, zinazosali kwa zamu, leo kwangu, juma lijalo kwako.

Kusali kwa zamu kunafundisha. Siku ya kwangu, watu wanaingia mpaka ndani. Wanaona kiti kilichovunjika, wanaona kama nimekosa sukari. Sina la kuficha. Jina la mji wetu Sumbawanga, wazee wanatueleza, maana yake ni tupa uchawi. Anayeingia aache nje ubaya wake. Lakini mimi naona kuna kingine kinachotakiwa kutupwa mlangoni, nacho ni ile tabia ya kujifanya huhitaji mtu.

Tulikuwa na mama mmoja jumuiyani kwetu, jina silitaji, mwenye duka. Alikuwa mtoaji kweli. Msiba ukitokea yeye wa kwanza, mgonjwa akiwapo anatuma unga na mafuta. Lakini kwake alikuwa hataki mtu amsaidie. Akaumwa muda mrefu, akafunga mlango, akasema asisumbuliwe mtu. Mpaka siku moja mama mzee mmoja, asiye na kitu kabisa, alikwenda na kikapu cha mboga za majani, akakaa kizingitini, akasema: "Mwanangu, mimi umenilisha miaka. Leo usiponifungulia, utakuwa umeninyima na mimi thawabu." Yule mama akafungua huku analia. Baadaye alituambia kwamba kutoa hakukumpa shida siku zote, lakini kupokea kulimshinda kuliko ugonjwa wenyewe.

Wapendwa, wengi wetu tuko hivyo. Tunapenda kuwa mkono wa juu. Tunasema tumejikabidhi kwa Mungu, lakini jirani hatumkabidhi hata ndoo ya maji. Mungu huku Chanji hashuki kwa mabawa kuja kukupikia uji. Anamtuma huyo mwenzako wa jumuiya, tena pengine yule usiyempenda.

Sasa nirudi kwenye sanduku. Njia hii ya kuweka akiba kwenye sanduku lenye kufuli tatu hatukuibuni sisi. Ilianza mwaka 1991 nchini Niger, kwa wanawake wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE. Ikaenea Afrika nzima, na hapa Tanzania wengi tunaijua kwa jina la VICOBA. Wale wanawake wa Niger wengi wao ni Waislamu, hawajui Ufipa iko wapi, lakini waliyatambua mambo ambayo na sisi tunayajua.

Kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu wa nyumba tofauti. Anayelitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mwenye ufunguo hana sanduku. Na mwenyekiti hana sanduku wala ufunguo! Ana kengele tu. (Kicheko.) Sanduku hufunguliwa mbele ya wanachama wote, siku ya mkutano, fedha zinahesabiwa kwa sauti. Asiyejua kusoma anasikia na anakumbuka. Mtu akitaka kuiba, itabidi apate wezi wenzake watatu au wanne, na hapo hapo mmoja atasema.

Hii ndiyo maana ya kujikabidhi kwa mikono, si kwa mdomo tu. Tunamwachia Mungu roho, na jasho letu tunalikabidhi kwa wenzetu wote, asilishike mtu peke yake. Anayekataa kuhesabiwa, anataka kukaa pahali pa Mungu.

Mnaukumbuka mwaka 2017? Mahindi yalizuiwa kuuzwa nje ya nchi, bei ikaanguka, magunia yakakaa ndani, panya wakafurahi. Wenzetu waliokuwa wamekopa kwa ajili ya mbolea wakashindwa kurejesha. Tulikuwa tumepanga vizuri, tumelima vizuri, tumevuna vizuri. Lakini mtu hupanga, Mungu hupangua. Siku ile mkutano ulikuwa wa moto. Wengine walitaka faini zikatwe kama katiba inavyosema. Wengine walitaka deni lifutwe kabisa. Tulisali, tukabishana, tukasali tena. Mwisho wote tukakubali muda wa kurejesha uongezwe na faini isikatwe msimu ule, na deni libaki deni. Wauza dagaa, mama lishe na wauza maandazi ndio waliolibeba sanduku mwaka ule kwa hisa zao. Mwaka uliofuata deni lote lilirudi.

Nawaulizeni: kama funguo zote ningekuwa nazo mimi, ingekuwaje? Pengine ningewahurumia wale ninaosali nao, wengine ningewasahau. Au ningekuwa mkali kwa wote. Lile jibu zuri lisingetoka kichwani mwangu peke yangu. Lilitoka kwenu wote, na mimi naamini Mungu alilipitisha humo.

Sasa mpo mliosema habari za yule mtoto aliyezidiwa usiku. Ni kweli, mama yake alikuja kwangu saa tano usiku, analia, anaomba sanduku lifunguliwe. Sikuwa na ufunguo, na sanduku halifunguliwi usiku. Mkasema: unaona, kama mama angekuwa na ufunguo! Lakini semeni yote yaliyotokea. Tulizunguka nyumba sita za jumuiya kwa tochi. Huyu akatoa elfu mbili, huyu elfu tano, kijana mmoja akaleta pikipiki bila kudai nauli. Mtoto akafika hospitali, na leo yuko darasa la pili. Siku ya mkutano mfuko wa jamii ukachangia matibabu, na ikaandikwa daftarini.

Hata hivyo, hoja yenu ina ukweli. Ugonjwa hausubiri Jumamosi. Kwa hiyo mimi napendekeza hivi: kutoka mfuko wa jamii tutenge kiasi kidogo cha dharura, kikae kwa watu wawili wanaokaa jirani, chenye daftari lake, na kila mkutano kisomwe. Hilo ni bora kuliko kunipa mimi funguo tatu. Kuhusu fedha kuwekwa kwenye simu, ambalo vijana wetu wanalisema, sina ubishi nalo. Lakini lisiwe kwenye laini ya mtu mmoja, iwe yangu au ya nani. Iwe akaunti ya kikundi ambayo hela haitoki mpaka wengi waidhinishe. Kufuli iwe ya chuma au ya namba za siri, iwe zaidi ya moja.

Basi majibu yangu ni haya.

La kwanza, sitagombea tena, na katiba isibadilishwe kwa ajili yangu. Nawashukuru kwa upendo. Lakini nikikubali, siku nikifa mtazika na kikundi. Mchagueni mwingine nikiwa hai, nimsaidie akikwama. Kwangu mimi kuiachia kengele hii ni kazi ngumu, sitawadanganya. Kila Jumamosi miaka kumi mkono wangu umeizoea. Ndiyo maana ni lazima niiachie.

La pili, funguo zibaki tatu. Mtunza ufunguo akichelewa, tumtoze faini, au tumbadilishe. Tusizifanye funguo kuwa moja kwa sababu ya uvivu.

La tatu, tuwavute humu wenzetu wanaolia na mikopo ya kausha damu. Mnaifahamu: mama anachukua hela asubuhi bila kushauriana na mtu, anaweka rehani kitanda na sufuria, na riba inamla. Wengi wanakwenda kule kwa sababu wanaona aibu kuomba mbele ya watu. Tuwaambie kwamba aibu ya kuomba kikundini inaisha siku moja.

Kwako Mgeni Rasmi, ombi letu ni mafunzo ya hesabu na sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi kama hiki chetu na inataka visajiliwe. Sisi tumesajiliwa. Lakini wenzetu wengi pembezoni mwa mji hawajui waanzie wapi. Watumieni Maafisa Maendeleo ya Jamii, tena waende siku za jioni, akina mama wakishatoka shamba.

Mama zangu, dada zangu, katika sala ya Bwana tunaomba kila siku mapenzi ya Mungu yafanyike. Kuomba hivyo huku umeshika funguo zote mfukoni ni kumfanyia Mungu mzaha. Tulime kwa nguvu zetu, tuhesabu mbele ya wote, tupokeane nyumbani mwetu, kisha tulale usingizi. Kesho ni yake.

Baada ya chakula uchaguzi utafanyika papa hapa. Wagombea wajiandae, na kengele iko mezani.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu, aibariki Chanji, aibariki Ufipa yote.